Mchujo wa tenisi: jinsi nafasi 128 za droo kuu zinavyogawanywa

Kati ya Mei na Agosti 2025, Victoria Mboko, binti wa Kanada aliyezaliwa na wazazi waliohama kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliingia katika mashindano manne makubwa ya tenisi kwa njia nne tofauti. Mjini Paris, kwenye French Open, alicheza mechi tatu za mchujo na kuzishinda zote, ndipo akaingia katika droo kuu, yaani mpangilio wa mechi za mashindano yenyewe. Wimbledon alishindwa katika mechi ya mwisho ya mchujo, ikaonekana safari yake imeishia hapo, kisha akaitwa kuziba pengo la mchezaji aliyejitoa. Montreal waandaaji walimpa mwaliko maalumu kwa kuwa ni binti wa nyumbani, naye akatwaa ubingwa akiwa na umri wa miaka 18 baada ya kumshinda Naomi Osaka katika fainali. Alipofika New York kwa ajili ya US Open hakuhitaji mchujo wala mwaliko, kwa sababu jina lake lilikuwa limepangwa la 22 miongoni mwa vinara 32 wa mashindano.

Mtu aliyeyatazama mashindano hayo manne bila kuzijua kanuni anaweza kudhani kwamba kila mwandaaji hujiamulia apendavyo. Sivyo. Kanuni za msingi zilikuwa zilezile kuanzia Paris hadi New York, na kilichobadilika ni nafasi ya Mboko katika orodha ya ubora duniani pamoja na tarehe ambayo orodha hiyo ilisomwa. Tarehe ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa hiyo ni vyema kuianza habari hii kwenye kalenda kabla ya kufika uwanjani.

Droo kuu ya mchezaji mmoja mmoja katika kila moja ya mashindano manne ya Grand Slam, yaani Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open, ina nafasi 128 kwa wanaume na nyingine 128 kwa wanawake. Nafasi 104 kati ya hizo huenda moja kwa moja kwa wenye ubora wa juu zaidi miongoni mwa waliojiandikisha, nafasi nane hutolewa kwa mwaliko maalumu, na 16 zinazobaki ndizo zinazogombewa katika mchujo. Kwa kuwa kila mara wapo wachezaji wachache walio majeruhi au wasiojiandikisha, mstari wa kuingia moja kwa moja huangukia karibu na nafasi ya 100 duniani, ukipanda au kushuka kidogo kutoka mashindano moja hadi mengine. Ndiyo sababu wachezaji huzungumza juu ya kuingia katika 100 bora kama watu wengine wanavyozungumza juu ya kupata ajira ya kudumu: aliye ndani ya mstari huo ana hakika ya mashindano manne kwa mwaka na malipo yake, na aliye nje yake hana hakika ya lolote.

Lakini mtu huhesabiwa kuwa wa 100 kwa orodha ya siku gani? Orodha ya ubora hutokana na pointi ambazo mchezaji amezikusanya katika wiki 52 zilizopita, nayo hubadilika karibu kila Jumatatu. Kwa Grand Slam, orodha inayotumika kuwaingiza watu moja kwa moja ni ile ya wiki sita kabla ya Jumatatu ya kwanza ya mashindano. Orodha inayotumika kuwaingiza watu katika mchujo ni ya wiki nne kabla. Wale 32 wanaopangwa kuwa vinara, ambao hutawanywa katika droo ili wasikutane wao kwa wao mapema, huteuliwa kwa orodha ya karibu zaidi, takriban wiki moja kabla ya mechi kuanza. Kwa hiyo mashindano mamoja husoma orodha tatu tofauti kwa tarehe tatu tofauti, na mchezaji mmoja anaweza kuonekana dhaifu katika ya kwanza na mwenye nguvu katika ya tatu.

Tuirudie safari ya Mboko kwa jicho hilo. Wimbledon ya 2025 ilianza tarehe 30 Juni, na ukirudi nyuma wiki sita unafika tarehe 19 Mei, siku ileile ambayo mchujo wa French Open ulikuwa unaanza Paris. Alichokivuna Paris, yaani ushindi wa mechi tatu za mchujo na nyingine mbili za droo kuu kabla ya kutolewa na Zheng Qinwen katika raundi ya tatu, kilimpandisha sana katika orodha, lakini orodha ya Wimbledon ilikuwa imekwisha kufungwa. Akalazimika kuanza tena chini. Kwa US Open mambo yaligeuka: orodha ya katikati ya Julai ilimkuta ndani ya 100 bora, akapata nafasi ya moja kwa moja, na ubingwa wa Montreal uliofuata mwanzoni mwa Agosti haukuhitajika tena kwa kuingia, ila ulimfaa katika upangaji wa vinara.

Waafrika tunao mfano wetu katika jambo hilihili. Mayar Sherif wa Misri alifika fainali ya mashindano ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, mjini Cluj-Napoca, Romania, mwanzoni mwa Agosti 2021, na pointi za fainali hiyo zikamsogeza hadi jirani na nafasi ya 100. Wiki chache baadaye alikuwa New York, si katika droo kuu, bali katika mchujo, kwa sababu orodha ilikuwa imefungwa Julai. Katika raundi ya mwisho ya mchujo alikutana na Mwingereza wa miaka 18 aitwaye Emma Raducanu, akashindwa kwa seti mbili, 6-1 na 6-4. Habari ya Raducanu nitaifikia baada ya kueleza mchujo wenyewe unavyochezwa.

Wapo wanaoiona kanuni ya wiki sita kuwa ya kikatili, kwa sababu inamhukumu mchezaji kwa jinsi alivyokuwa na si kwa jinsi alivyo. Kwa maoni yangu haiepukiki. Mchezaji anahitaji kujua atacheza wapi ili akate tiketi, atafute malazi na mtu wa kufanya naye mazoezi, na kwa mwenye pasipoti ya nchi nyingi za Afrika zipo pia siku za kusubiri visa, ambazo zinaweza kuzimaliza wiki hizo sita bila jibu kutoka. Orodha inayobadilika hadi siku ya mwisho ingewaumiza zaidi walio mbali na wasio na fedha.

Mchujo wenyewe huchezwa katika wiki inayotangulia mashindano. Wachezaji 128 huingia, wengi wao kwa ubora wa kati ya nafasi ya 100 na zaidi kidogo ya 200, na wachache kwa mwaliko wa waandaaji. Droo hugawanywa katika mafungu 16 ya watu wanane wanane. Kila fungu hutoa mtu mmoja, naye hana budi kushinda mechi tatu mfululizo. Mchujo nao una vinara wake 32, wawili kwa kila fungu, mmoja juu na mmoja chini, ili wenye nguvu wasikutane kabla ya raundi ya mwisho. Wanaume, ambao katika droo kuu hucheza mechi za seti tano, hucheza seti tatu katika mchujo, isipokuwa Wimbledon ambako kwa desturi mechi ya mwisho ya mchujo ni ya seti tano. Wimbledon ina upekee mwingine: mchujo wake haufanyiki katika viwanja vinavyoonekana kwenye televisheni, bali Roehampton, kilomita chache kutoka hapo, kwenye nyasi zisizo na majukwaa makubwa. New York, kinyume chake, huwafungulia watu viwanja vya Flushing Meadows bila kiingilio katika wiki ya mchujo.

Ugumu wa mechi hizi hauonekani kwa urahisi katika matokeo. Kinachowatenganisha mchezaji wa 110 na wa 190 ni kidogo mno, mara nyingi pointi mbili tatu zilizochezwa vizuri mwishoni mwa seti, na wote wawili wanajua kwamba mshindi ataondoka na malipo yanayoweza kuugharimia msimu mzima wa safari na kocha. Wimbledon ya 2024 aliyetolewa katika raundi ya kwanza ya mchujo alilipwa pauni 15,000, wa raundi ya pili 25,000, na wa raundi ya tatu 40,000, ilhali aliyeingia droo kuu alikuwa na uhakika wa pauni 60,000 hata kama angeshindwa mechi yake ya kwanza. Tofauti ya pauni 20,000 kati ya kushinda na kushindwa mechi moja huko Roehampton ni mzigo mzito begani mwa mtu anayejilipia nauli. Zipo na pointi pia: kwa wanawake, kupita mchujo wa Grand Slam kunaleta pointi 40 kabla ya kugusa mpira katika droo kuu, na kwa wanaume 30.

Droo kuu hupangwa kabla ya mchujo kumalizika. Waandaaji huacha nafasi 16 wazi, zikiwa zimeandikwa tu kwamba atakuja aliyepita mchujo, na zinapangwa kwa kura bila upendeleo wowote. Mechi za mwisho zinapokwisha, kura nyingine hupigwa ili kila mshindi apewe nafasi yake. Anaweza kuangukia kwa bingwa mtetezi, na anaweza kuangukia kwa mwenzake aliyetoka naye katika mchujo.

Raducanu mwaka 2021 alipangiwa Jennifer Brady wa Marekani, kinara wa 13. Brady akajitoa kwa jeraha, na mahali pake akaingia Stefanie Vögele wa Uswisi, ambaye alikuwa ameshindwa katika mchujo huohuo. Raducanu akamshinda, kisha akawashinda Zhang Shuai, Sara Sorribes Tormo, Shelby Rogers, bingwa wa Olimpiki Belinda Bencic, Maria Sakkari, na katika fainali ya tarehe 11 Septemba, Leylah Fernandez kwa 6-4 na 6-3. Alicheza mechi kumi na seti 20 bila kupoteza hata seti moja, akiwa wa 150 duniani, na akawa mtu wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam akitokea mchujo, awe mwanamume au mwanamke. Alilipwa dola milioni 2.5. Tiketi yake ya ndege ya kurudi nyumbani ilikuwa imekatwa kwa siku ambazo mchujo ungekuwa umemalizika.

Kabla yake waliokaribia walikuwa wachache. John McEnroe alifika nusu fainali ya Wimbledon mwaka 1977 akitokea mchujo, naye pia alikuwa na miaka 18. Vladimir Voltchkov wa Belarus alifanya vivyo hivyo mwaka 2000. Nadia Podoroska wa Argentina alifika nusu fainali Paris mwaka 2020. Na miezi michache kabla ya Raducanu, Aslan Karatsev wa Urusi alifika nusu fainali ya Australian Open ya 2021, ikiwa ni mara yake ya kwanza kabisa kucheza droo kuu ya Grand Slam. Mchujo wa mwaka huo unastahili kukumbukwa kwa jambo jingine: kwa sababu ya karantini ya UVIKO-19, Australia haikuweza kuwapokea mamia ya watu ambao wengi wao wangetolewa baada ya mechi moja, hivyo mchujo wa wanaume ulihamishiwa Doha na wa wanawake Dubai mwezi Januari, na mashindano yenyewe yakaanza Melbourne tarehe 8 Februari. Karatsev alipata nafasi yake ya Australia katika Ghuba.

Sasa tuje kwa kina Vögele, wale wanaoitwa washindwa wenye bahati. Mchezaji wa droo kuu akijitoa kabla mchujo haujaanza, nafasi yake huchukuliwa na anayefuata katika orodha ya kuingia moja kwa moja. Mchujo ukishaanza, mlango huo hufungwa, na mapengo yote yanayotokea hujazwa na walioshindwa katika raundi ya mwisho ya mchujo. Zamani aliyetangulia kuitwa alikuwa mwenye ubora wa juu kuliko wenzake, na hapo ndipo penye hatari: mchezaji aliyejua kwamba pengo lipo na kwamba yeye ndiye wa kwanza kuitwa hakuwa na sababu ya kutosha ya kupigania mechi yake ya mwisho, kwa kuwa angeingia akishinda na angeingia akishindwa. Ili kuondoa kishawishi hicho, siku hizi wanne wenye ubora wa juu miongoni mwa walioshindwa raundi ya mwisho hupigiwa kura, na kura hiyo ndiyo inayopanga nani aitwe kwanza. Hakuna awezaye kujua mapema, basi hakuna budi kupigana.

Idadi ya wanaoitwa iliongezeka baada ya kanuni nyingine kuanza kutumika mwaka 2018. Awali, mchezaji majeruhi aliyejitoa kabla ya mechi ya kwanza hakulipwa kitu, lakini akiingia uwanjani na kuacha baada ya gemu chache alilipwa fedha zote za raundi ya kwanza. Siku ya pili ya Wimbledon 2017, watazamaji wa uwanja mkuu walishuhudia mechi mbili mfululizo zikikatika kwa sababu wapinzani wa Novak Djokovic na Roger Federer walishindwa kuendelea. Kuanzia mwaka uliofuata, majeruhi anayejitoa akiwa ameshafika mashindanoni hulipwa nusu ya fedha za raundi ya kwanza, na nusu nyingine humwendea anayeingia badala yake. Sioni kanuni nyingine ya tenisi ya miaka ya karibuni iliyotenda haki kwa watu wengi zaidi kwa pamoja: majeruhi anapona kwa amani, mtazamaji anapata mechi, na mwenye afya anapata nafasi.

Mshindwa mwenye bahati husaini kila siku kwamba yupo tayari, kisha husubiri. Eva Lys wa Ujerumani aliitwa muda mfupi sana kabla ya mechi kwenye Australian Open ya 2025, akaingia, na akafika raundi ya nne kabla ya kutolewa na Iga Świątek. Miezi minne baadaye, Paris, Lys huyohuyo alitolewa katika raundi ya pili na Mboko, aliyetokea mchujo. Na Mboko alipoitwa kwa bahati Wimbledon, alianza kwa kumtoa Magdalena Fręch, kinara wa 25. Mpaka kati ya aliyefuzu na aliyekosa ni mwembamba kiasi hicho.

Mialiko maalumu ndiyo sehemu ya mfumo ninayoiona kuwa na walakini. Waandaaji wana haki ya kuwaalika wanane wanaowataka, na wakati mwingine huona mbali: Goran Ivanišević alialikwa Wimbledon mwaka 2001 akiwa wa 125 duniani na akatwaa taji, Kim Clijsters alialikwa New York mwaka 2009 akitoka katika uzazi naye akatwaa taji, na Loïs Boisson, wa 361 duniani, alialikwa Paris mwaka 2025 akafika nusu fainali. Raducanu mwenyewe alijulikana kwa mwaliko wa Wimbledon, wiki chache kabla ya mchujo wa New York. Hata hivyo mialiko mingi huwaendea wazawa wa nchi mwenyeji, na Australia, Ufaransa na Marekani zimekuwa zikibadilishana mialiko zenyewe kwa zenyewe. Kijana wa Ufaransa wa nafasi ya 200 ana mlango wa ziada ambao kijana wa Kenya au Tanzania wa nafasi hiyohiyo hana, kwa sababu tu shirikisho la nchi yake linamiliki mashindano.

Ipo pia njia ya aliyekuwa majeruhi kwa muda mrefu. Mchezaji aliyekaa nje angalau miezi sita anaweza kuomba ubora wake wa zamani uhifadhiwe, akautumia kuingilia idadi maalumu ya mashindano anaporudi. Kwa wanawake, kanuni ya namna hiyo huwahusu pia waliokwenda kujifungua. Nafasi hizi huhesabiwa ndani ya zile 104.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, swali gumu ni jinsi ya kuufikia mchujo wenyewe. Julai 2022, Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili, wakiwashinda katika fainali Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Ndiye Mboko huyuhuyu. Miaka mitatu baadaye Mboko alikuwa kinara New York, na Okutoyi, bingwa wa Michezo ya Afrika ya Accra mwaka 2024, alikuwa bado anazitafuta pointi za kumfikisha katika mchujo. Sitaki kudai kwamba jiografia pekee ndiyo iliyowatenganisha, kwa maana Mboko ana kipaji kikubwa. Lakini hesabu ya pointi inasema mengi. Bingwa wa mashindano ya chini kabisa ya wanawake ya ITF, yaani Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, hupata pointi 15, na wa daraja linalofuata 35. Mchezaji wa Ulaya huyafikia mashindano ya namna hiyo kwa treni wiki baada ya wiki, ilhali wa Nairobi au Bujumbura husubiri wiki chache kwa mwaka ambapo yanafanyika jirani, au hupanda ndege.

Kwa hiyo kilichofanyika Kigali kuanzia mwaka 2024 kina uzito kuliko kinavyopewa katika kurasa za michezo. Rwanda iliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya Challenger, daraja la pili la ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, ambapo bingwa alipata pointi 50, na mwaka uliofuata ikapanda hadi Challenger za 75 na 100. Mwanamume anayetaka kuingia mchujo wa Grand Slam bila mwaliko anahitaji pointi mia mbili na ushehe ndani ya mwaka. Kabla ya Kigali, kijana wa ukanda huu hakuwa na mahali jirani pa kuzipata kwa mafungu makubwa. Sasa anaweza kufika kwa basi kutoka Kampala, akajiandikisha, na kuanza palepale wanapoanzia wote wasio na jina, kwa sababu Challenger nazo zina mchujo wake.